Kisu cha Kufuliwa kwa Mkono: Sifa Peke Yake Hazimtoshi Mhunzi

(Mazungumzo kwa walimu na watumishi wa umma wa Bukoba na Muleba)



Katika nchi za Ulaya na Marekani umezuka upya, katika miaka hii, upendo mkubwa wa visu vilivyofuliwa kwa mkono kwa kufuata mtindo wa kale wa watu wa Kaskazini ya Ulaya, yaani wale Waviking waliosafiri baharini yapata miaka elfu moja iliyopita kutoka katika nchi ambazo leo huitwa Norwei, Uswidi na Denmark. Watu wenye visu chungu nzima jikoni mwao, visu vya kiwandani vyenye kung'aa, hutoa fedha nyingi ili wapate kisu kimoja chenye alama za nyundo ubavuni, mpini wa mti au wa pembe, na ala ya ngozi iliyoshonwa kwa mkono. Hukishika, hukigeuzageuza kwenye mwanga, hukipima uzito kiganjani, kisha hukisifu.

Sifa hizo si za bure. Wahunzi wa Kaskazini hawakuwa na chuma kingi. Walikipata katika vinamasi, kwa kukusanya udongo wenye rangi ya kutu, kuuchoma, na kuuyeyusha katika matanuru madogo ya udongo kwa moto wa mkaa. Chuma kilichotoka humo aghalabu kilikuwa laini, na feleji, yaani chuma kigumu kinachoweza kushika makali, ilikuwa adimu. Kwa hiyo mhunzi alichukua kipande chembamba cha feleji akakiweka katikati ya vipande viwili vya chuma laini, akavitia motoni, akavipiga nyundo mpaka vikawa kitu kimoja. Makali yakawa ya feleji. Ubavu ukawa laini usiovunjika upesi. Kila kisu kiliponolewa, feleji mpya ilijitokeza. Mpaka leo katika mji wa Mora, nchini Uswidi, kuna visu vinavyotengenezwa kwa kufuata akili ileile ya kuweka kigumu katikati ya laini. Uzuri wa kisu kile, basi, haukutafutwa kama pambo. Ulizaliwa na uhaba, na mtu aliyelazimika kufikiri kwa mikono yake.

Watu wa Bukoba si wageni kwa jamii hizo. Mwanahistoria Bengt Sundkler, Mswidi, alikuwa Askofu wa Kilutheri hapa Bukoba kuanzia mwaka 1961 hadi 1964, akafuatiwa na Josiah Kibira, mwana wa Buhaya. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, ambavyo Tanzania ilianza kuvifungua mwaka 1975 na ambavyo leo ni zaidi ya 50 nchini kote, vilitokana na mfano wa vyuo vya wananchi vya huko Kaskazini. Kwa hiyo kukisifu kisu cha Norwei si kosa, wala si kasumba. Kasumba huanza pale msomi wa Kagera anapokisifu kisu cha mbali, akijua hata jina la mti uliotumika kwa mpini, na huku akipita kila siku kando ya kibanda cha mhunzi wa Muleba bila kugeuza shingo.

Maana kazi hiyohiyo imefanyika hapa, na kwa muda mrefu.

Katika Kijiji cha Katuruka, eneo la Maruku, karibu na mji wa Bukoba, pana mahali panapoitwa Kaiija, jina ambalo maana yake ni mahali pa kufulia chuma. Simulizi za Wahaya zinapahusisha mahali hapo na Mfalme Rugomora Mahe wa Kyamutwara, anayekadiriwa kutawala katika karne ya 17. Inasimuliwa kwamba mfalme huyo aliwaamuru wahunzi wajenge mnara wa chuma wa kufika mbinguni, apate kuona huko juu kukoje, mnara ukaanguka. Msikilizaji wa haraka ataicheka hadithi hii. Lakini mtaalamu wa mambo ya kale kutoka Marekani, Peter Schmidt, hakuicheka. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliwasikiliza wazee kwanza, kisha akachimba pale walipomwelekeza, akakuta chini ya ardhi mabaki ya kazi ya chuma ambayo ni ya kale mno kuliko Rugomora Mahe mwenyewe. Baadhi ya mkaa uliopimwa ulionyesha umri wa zaidi ya miaka 2,000. Wataalamu wangali wakibishana juu ya tarehe zile za mbali kabisa. Hawabishani kwamba watu wa pwani hii ya Ziwa Viktoria walikuwa wakiyeyusha chuma tangu zama za kale sana. Huko Kemondo pia yalichimbuliwa matanuru ya miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita.

Mnamo Septemba 1978, Schmidt na mwenzake Donald Avery, mtaalamu wa vyuma, walichapisha taarifa katika jarida la Science la Marekani. Walieleza kwamba katika tanuru la Kihaya mirija ya udongo inayopeleka upepo iliingizwa ndani kabisa ya moto, kiasi kwamba hewa ilipata joto kabla haijafika kwenye mkaa, na joto la mahali pale likapanda hadi kadiri ya digrii 1,800. Magazeti ya nje yakashangilia, kwa sababu Ulaya ilianza kupasha joto hewa ya matanuru yake ya chuma baada ya Neilson wa Scotland kupata hataza yake mwaka 1828.

Hapa pana jambo ambalo walimu hasa wanapaswa kuliangalia kwa makini. Taarifa ile ya 1978 ilipingwa baadaye na wataalamu wengine, waliosema kwamba hewa haikuweza kupata joto kubwa ndani ya mirija kama ilivyodaiwa. Ubishi huo haujamalizika kwa namna ya kumridhisha kila mtu. Mwalimu anayewaambia wanafunzi wake kwamba Wahaya waliwatangulia Wazungu kwa miaka 1,500 katika kila jambo la feleji anawapa fahari inayoweza kuporomoka siku watakapokutana na kitabu cha upande wa pili. Fahari ya Kagera haihitaji mkongojo huo. Yapo mambo yasiyobishaniwa na mtu yeyote: kwamba mawe ya vilima hivi, udongo wa vichuguu hivi, matete ya vinamasi hivi na mkaa wa misitu hii vilitosha, katika mikono ya watu waliojua, kutoa chuma kizuri na wakati mwingine feleji halisi. Tena ujuzi huo ulifika mbali. Speke alipofika Karagwe mwaka 1861, na Stanley mwaka 1876, walimkuta Mfalme Rumanyika akiwa na hazina ya vitu vya chuma, mikuki na sanamu za ng'ombe, vilivyotengenezwa kwa ustadi uliowashangaza.

Namna ya kuyeyusha chuma ilikuwa hivi. Shimo lilichimbwa, likakandikwa kwa udongo wa kichuguu, ambao hauyeyuki upesi. Matete ya kinamasi yalikatwa, yakakaushwa, yakachomwa nusunusu humo shimoni mpaka yakawa makaa mepesi yaliyolijaza. Juu yake ulijengwa mnara mfupi wa udongo na mabonge ya mavi ya chuma ya kazi zilizotangulia, mnara usiozidi sana kimo cha kifua cha mtu mzima. Mirija minane ya udongo uliochomwa ilipenyezwa kutoka pande zote, kila mmoja na mivukuto yake ya ngozi. Mawe yenye chuma yalikuwa yamekwisha kuchomwa kwenye kuni siku iliyotangulia ili yawe mepesi kuyeyuka. Kisha wanaume waliivukuta ile mivukuto kwa zamu, kwa saa nyingi, kwa nyimbo za kuongoza mkono. Mawe yaliyoyeyuka yaliteremkia kwenye yale makaa ya matete, na huko chuma kikanyonya ile sehemu ya mkaa ambayo ndiyo inayotofautisha chuma laini na feleji. Huko Kaskazini kinamasi kilitoa udongo wenye chuma. Hapa Buhaya kilitoa matete ya kukipikia. Kazi yote ilizungukwa na miiko: tanuru lilihesabiwa kama bibi arusi na mama mwenye mimba, na wayeyushaji walijitenga na wake zao mpaka chuma kizaliwe.

Kazi hii ilikufaje? Haikuuawa kwa amri. Wajerumani walifungua kituo chao Bukoba mwaka 1890. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na meli zikaanza kuleta ng'ambo ya ziwa majembe na vipande vya chuma vya Ulaya kwa bei ambayo hakuna tanuru la udongo liliyoweza kushindana nayo. Kijana mwenye nguvu aliona faida zaidi katika kahawa kuliko katika kuvukuta upepo kutwa. Kufikia yapata miaka ya 1920 moto wa matanuru ulikuwa umezimika, na mhunzi akabaki kufua chuma kilichoyeyushwa na watu wengine.

Ilipofika mwaka 1976, katika Kijiji cha Nyungwe, wazee walioiona kazi ile ujanani mwao walikubali kuijaribu tena mbele ya watafiti. Ilikuwa imepita miaka hamsini hivi. Hawakufaulu kwa mara moja. Nyimbo walizikumbuka, miiko waliikumbuka, vitu vya kutumia waliviita kwa majina yake. Lakini mambo madogo, kama vile mrija uingie ndani kiasi gani, mkaa uongezwe wakati gani, sauti ya moto ikibadilika maana yake ni nini, hayo yalikuwa yamewaponyoka. Iliwabidi wajaribu, wakosee, wabishane, wajenge tena. Baada ya majaribio mengi walipata chuma. Kazi yao ilirekodiwa katika filamu iitwayo The Tree of Iron, iliyotolewa mwaka 1988, na ni vyema kila chuo cha ualimu kiitafute. Katika filamu hiyo linaonekana jambo ambalo vitabu hulisema kwa shida: ujuzi wa mkono ukikaa nusu karne bila mkono wa kuupokea, maneno yake hubaki na wenyewe huondoka.

Ufuaji, tofauti na uyeyushaji, ungali hai. Katika magulio ya Bukoba na Muleba bado huuzwa majembe, mapanga, mundu na visu vilivyotoka kwenye fuawe ya mwenyeji. Wakati wa kuuangalia ni sasa, kwa hiyo yafaa kueleza ni kitu gani hasa kinachoangaliwa.

Mtu akitwaliwa kisu kidogo cha kumenyea ndizi kilichofuliwa na mhunzi stadi, asianze kwa kutazama kama kinang'aa. Aanze na mgongo wake. Kisu kilichokatwa kwenye bati kina unene mmoja tangu mpini hadi ncha. Kilichofuliwa huwa kinene karibu na mpini, kikapungua polepole kuelekea nchani, na upungufu huo ndio unaokifanya kiwe chepesi mbele na imara nyuma. Aangalie kama msuka, yaani mkia wa kisu unaoingia mpinini, umenyooka katikati ya mti. Aghalabu msuka hutiwa moto ukawa mwekundu, ukachoma njia yake mwenyewe ndani ya mpini, na mahali pa kukutania pakafungwa kwa noleo ili mti usipasuke. Akigonge kwa ukucha: kisu kizima hulia, chenye ufa hunung'unika. Weusi ulioachwa ubavuni usimchukize. Ni gamba la moto, nalo husaidia kidogo kuzuia kutu. Kweupe ni pale pa makali tu, na mstari huo mweupe ukiwa sawa kutoka mwanzo hadi mwisho, basi aliyeushika mkono wake hautetemeki.

Chuma chenyewe siku hizi hutoka kwenye springi za magari. Baadhi ya watu huudharau uhunzi kwa sababu hiyo, wakisema ni kazi ya takataka. Wanakosea. Bamba la springi ya lori ni feleji nzuri sana, yenye mkaa ndani yake zaidi kidogo ya nusu ya asilimia moja, iliyotengenezwa ili ipinde maelfu ya mara bila kuvunjika. Mhunzi wa Kaskazini wa zama za Waviking angeliipata moja tu, angeliificha chini ya kitanda. Aliyeamua kwa mara ya kwanza kwamba lori lililokufa lina visu tumboni mwake alikuwa mtu mwenye akili.

Lakini springi haiwi kisu kwa kupigwa nyundo tu. Kibanda cha mhunzi kina giza kwa makusudi, maana rangi ya chuma cha moto haisomeki juani. Feleji inapokolea wekundu wa kiasi fulani, ambao kwa kipimo cha maabara ni kama digrii 800, hupoteza tabia ya kuvutwa na sumaku. Hapo ndipo huchovywa kwenye mafuta au maji ikawa ngumu. Ikichovywa ikiwa baridi mno, haigeuki. Ikizidi moto, hupasuka. Na ikishakuwa ngumu, huwa kama kioo, itamegeka siku ya kwanza. Kwa hiyo hurudishwa motoni polepole, na mhunzi hutazama rangi zikitembea juu ya chuma kilichosuguliwa: kwanza manjano kama majani makavu, kwenye digrii 230 hivi, kisha kahawia, kisha zambarau, na bluu kwenye digrii 300. Kisu cha kumenyea kikomeshwe kwenye manjano iliyokolea. Panga, linalopiga vitu vigumu, liachwe lifike karibu na bluu. Rangi moja hukaa kwa muda wa kupumua mara mbili au tatu. Mwalimu wa fizikia atatambua hapa somo zima la joto na maumbile ya metali, nalo linafundishwa kila siku kibandani, bure, bila ubao.

Sasa lipo jambo zito zaidi, linalokihusu kisu na tumbo la kila nyumba ya Kagera. Mwaka 2006 ilithibitishwa kwamba ugonjwa wa mnyauko wa migomba, ambao wakulima huuita unyanjano, umeingia mkoani. Muleba ilikuwa miongoni mwa wilaya za mwanzo kuumia. Ugonjwa huu, ulioonekana Uganda mwaka 2001, huletwa na bakteria. Majani hugeuka manjano, ndizi huiva kabla ya wakati na kuoza ndani, shina likikatwa hutoa usaha wa manjano. Wadudu huuchukua kutoka ua hadi ua. Lakini mchukuzi mkubwa kupita wadudu ni kisu. Mkulima hupogoa mgomba mmoja mgonjwa ambao haujaonyesha dalili, akaingia kwenye wa pili na wa tatu, na kwa siku moja kisu chake kikaupanda ugonjwa katika kibanja kizima. Kisu cha kuazimana kikatoka kwa jirani na kuingia kwa jirani.

Mafundisho yaliyotolewa na watafiti wa kilimo na mabwana shamba ni mepesi kuyasema: ua dume liondolewe kwa kijiti chenye panda, si kwa kisu, na kisu kisafishwe kwa dawa ya klorini au kipitishwe motoni kila kinapotoka katika mgomba mmoja kwenda mwingine. Ugumu ulikuwa katika kuyatenda. Klorini hula chuma, na kisu kisichosuuzwa na kufutwa hujaa kutu upesi. Moto nao una hila yake. Kisu kikipashwa mpaka hakishikiki, bakteria wamekufa na kisu ni kizima. Lakini kikiachwa katika makaa mpaka makali yageuke bluu na kisha kijivu, ule ugumu aliouweka mhunzi umetoweka. Kesho yake kisu kimekuwa butu, mkulima analaumu kisu, naye akiisha kuchoka anaacha kukipitisha motoni kabisa. Hapo unyanjano hupata njia.

Kisu cha bei rahisi kutoka nje kikifika hapo kimekufa, na kutupwa ndiyo dawa yake. Kisu cha mhunzi hurudishwa kibandani, hutiwa moto upya, huchovywa, huregezwa kwa rangi inayofaa, na jioni hurudi kazini. Kwa sababu hiyo kibanda cha mhunzi ni sehemu ya ulinzi wa migomba, sawasawa na kituo cha utafiti wa kilimo cha Maruku, ambacho, kwa sadfa ya kupendeza, kiko katika eneo lilelile la Kaiija. Ni ajabu kwamba katika mikutano mingi ya kupambana na mnyauko waliitwa watendaji, madiwani, walimu na viongozi wa dini, na aghalabu mfua visu akasahauliwa. Bwana shamba mmoja na mhunzi mmoja wakisimama pamoja gulioni kwa saa mbili, yule wa kwanza akieleza kwa nini kisu kipite motoni na yule wa pili akionyesha kiishie rangi gani, wangefanya kazi ambayo mabango hayawezi kuifanya.

Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Hawakusema lolote juu ya aliyekifua, na yaelekea ndivyo mambo yalivyokuwa hata wakati huo.

Kuhusu shule, inafaa kurudi kidogo Kaskazini ya Ulaya, maana huko kisu hakikuokolewa na wenye kukisifu. Kiliokolewa na walimu. Ufini iliingiza kazi za mikono katika shule za msingi mwaka 1866, kwa juhudi za Uno Cygnaeus. Nchini Uswidi, Otto Salomon aliendesha chuo cha walimu mahali paitwapo Nääs mpaka alipofariki mwaka 1907, na walimu wa nchi nyingi walikwenda kusoma kwake. Chombo cha kwanza alichompa mtoto kilikuwa kisu. Hoja yake ilikuwa nyepesi: mtoto anayechonga kijiko cha mti kwa kisu hujifunza kuangalia, kusubiri, kukosa na kusahihisha, hata kama hatakuwa seremala maishani. Kazi za mikono ni somo la lazima katika shule za Uswidi mpaka leo. Taifa lenye viwanda vikubwa vya feleji halikuona aibu kumfundisha mtoto wa waziri kushika kisu.

Tanzania haikukosa mawazo kama hayo. Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, na ndani yake alikataa shule inayomfanya kijana amdharau baba yake kwa sababu mikono ya baba ina sugu. Mwaka 1973 lilianzishwa shirika la SIDO la kuhudumia viwanda vidogo, na wahunzi ni miongoni mwa waliokusudiwa. Katika miaka ya 1970 kiwanda cha zana za kilimo cha Ubungo, UFI, kilitengeneza majembe na mapanga kwa wingi, kikaja kufa baadaye. Mhunzi wa kijijini aliyedhaniwa kwamba atamezwa na kiwanda akabaki yeye. Na mwaka 2024 ulianza mtaala mpya wenye mkondo wa amali katika elimu ya sekondari. Fursa imefunguliwa tena.

Swali ni nini kitakachoingia katika fursa hiyo. Ikiwa amali itakuwa na maana ya mashine ya kuchomea iliyoletwa kwa mkopo na kusimama bila umeme, basi hakuna kitakachobadilika. Mhunzi hana cheti. Kanuni hazimruhusu kuajiriwa kama mwalimu, na pengine ni sawa. Lakini hakuna kanuni inayomkataza mwalimu wa kemia kuwapeleka wanafunzi wake thelathini kwenye kibanda kilicho mwendo wa nusu saa kutoka shuleni, wakiwa na sumaku na daftari, waandike ni kwa rangi gani sumaku iliacha kuvuta. Malipo ya nusu siku kwa mhunzi yatolewe waziwazi, yaandikwe, yasiwe bakshishi. Aitwe kwa heshima anayoitiwa mgeni mwingine yeyote wa shule, wala asikaribishwe kupitia mlango wa jikoni. Jambo hili dogo lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa sababu mtoto wa mhunzi huwa ameketi darasani humohumo, na anaangalia baba yake anapokewaje.

Ofisini nako kuna kazi. Mhunzi anategemea vitu viwili, mkaa na chuma chakavu, na vyote viwili vina sheria zake. Misitu lazima ilindwe. Wizi wa nondo, mifuniko ya mitaro na nyaya lazima uzuiwe. Hata hivyo, pana tofauti kati ya mtu anayepeleka mkaa wa malori mjini na mtu anayechoma debe moja kwa siku ili afue visu, na kati ya mwizi wa reli na mzee mwenye springi mbili kuukuu kibandani. Mtumishi mwenye busara huitafuta tofauti hiyo kabla hajaandika faini. Kisha kuna ununuzi. Shule za bweni, hospitali na magereza ya mkoa huu humenya ndizi kila siku, na aghalabu visu vyao hununuliwa dukani, vyembamba, vya kubadilishwa kila muhula. Fedha hizo ni za umma, na hutoka mkoani zisirudi.

Wala wasinunue kwa huruma. Kisu kibovu cha mwenyeji ni kibovu, na kukisifu kwa sababu ni cha nyumbani ni kumdanganya mhunzi na kumharibia kazi. Mwenye kuagiza aagize kwa masharti: visu kumi, urefu wa kiganja, mgongo mnene nyuma na mwembamba mbele, noleo lililokaza, mpini wa mti mgumu uliokauka. Kimoja kijaribiwe kwa kumenya mkungu mzima mbele ya mpishi mkuu kabla ya malipo, maana wapishi ndio wanaojua utomvu wa ndizi unavyofanya kwenye makali. Mhunzi atie alama yake ubavuni ili ajulikane kwa kizuri na kwa kibaya. Na katika karatasi ileile ya agizo iandikwe bei ya kukitia moto upya kila baada ya miezi sita, pamoja na siku ambayo kijana mmoja wa shule ataandamana na visu hivyo hadi kibandani na kukaa hapo mpaka cha mwisho kitakapochovywa.